Pan Am: Jina lilinunuliwa mnadani, ndege hazikuwemo

Juzi Jumamosi nilikuwa Toi nikipekua rundo la mikoba ya mtumba. Nikavuta mmoja wa bega, wa buluu, wenye mchoro mweupe wa dunia ubavuni na maneno mawili tu: PAN AM. Muuzaji alianzia 600. "Hiyo ni ya kampuni ya ndege, buda. Ya Marekani. Hiyo hubebwa na mabwanyenye." Nikamwambia nina 350. Akalalamika kidogo, akazichukua.

Nyumbani mamangu aliuona kwenye kiti akasimama. "Hizo zilikuwa zinatua Embakasi," akasema. Jumapili babu alikuwa akiwapeleka kutazama ndege zikiruka, na yeye akiwa mtoto alizijua za Pan Am kwa ule mpira wa buluu mkiani. Nikamuuliza kama bado zinakuja. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama Moi bado ni rais.

Sasa mimi nikabaki na swali. Kampuni ilikufa kabla sijazaliwa, lakini lebo ya ndani ya mkoba bado ni mpya na herufi hazijafutika. Nani anauza mikoba ya marehemu?

Nimeifuatilia hiyo stori siku kadhaa. Na ukweli ni kwamba Pan Am ilikufa zaidi ya mara moja. Ile ya pili ndiyo nataka nikuambie, kwa sababu inamhusu yeyote anayedhani ukishapata jina kubwa, kazi imeisha.

Kwanza tuipitie ile ya kwanza haraka haraka. Pan American Airways ilianza mwaka wa 1927 ikibeba barua kati ya Key West, kule Florida, na Havana, Cuba. Bosi wake aliitwa Juan Trippe. Novemba 1935 ndege yake China Clipper, ya aina ile inayotua majini, ilivuka Pasifiki na magunia ya barua kutoka San Francisco hadi Manila. Mwaka wa 1958 ikawa inapeleka abiria Paris kwa jeti ya Boeing 707. Mwaka wa 1966 Trippe akaagiza 747 ishirini na tano kwa dola milioni 525, na wakati huo 747 ilikuwa bado michoro kwenye karatasi. Januari 1970 ya kwanza ikatoka New York na abiria hadi London.

Beatles walipotua Marekani Februari 1964, walishuka kwenye ndege ya Pan Am. Kwenye filamu ya 2001: A Space Odyssey, chombo kinachopeleka watu anga za juu kina nembo ya Pan Am. Kampuni hiyo hata ilifungua orodha ya watu wanaosubiri safari ya kwenda mwezini, na zaidi ya watu 90,000 wakajiandikisha. Si utani. Na kama wewe ni wa rika langu, huenda uliijua kupitia Catch Me If You Can, pale DiCaprio anapovaa sare ya rubani wa Pan Am na dunia nzima inamfungulia mlango. Anavaa sare tu. Kuendesha ndege hajui. Iweke hiyo picha kando, tutaihitaji.

Kitu kingine cha kuweka akilini: Pan Am ilikuwa ya safari za nje. London, Tokyo, Rio, Lagos, Nairobi. Ndani ya Marekani kwenyewe, kutoka mji huu hadi ule, kwa miaka mingi haikuwa na njia. Ilizipata 1980 iliponunua kampuni nyingine, National Airlines, kwa bei iliyoiumiza.

Kuanguka kwake kulikuwa kwa polepole. Mafuta yalipanda miaka ya sabini. Mwaka wa 1978 serikali ya Marekani ikaacha kupanga nauli na njia, kila mtu akaingia sokoni. Pan Am ikaanza kuuza vyombo vya nyumba ili ilipe kodi ya nyumba. Mwaka wa 1981 iliuza jumba lake la Manhattan kwa dola milioni 400. Mwaka wa 1985 ikaiuzia United njia zake za Pasifiki, zile zile za China Clipper, kwa dola milioni 750. Kisha tarehe 21 Desemba 1988 bomu likalipua ndege yake juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 wakafa, 11 kati yao wakiwa chini, majumbani mwao. Baada ya hapo abiria wengi walikuwa wakiliona hilo jina wanachagua lingine.

Januari 1991 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Njia za kwenda Heathrow, London, zikaenda kwa United. Delta ikachukua karibu kila kitu kingine kilichokuwa na faida, pamoja na kile kituo chake maarufu cha abiria pale JFK, chenye paa kama sahani. Delta ilikuwa imeahidi pia kuweka pesa ili Pan Am ndogo iendelee kuruka kutoka Miami. Mwanzoni mwa Desemba ikabadilisha nia. Tarehe 4 Desemba 1991 ndege ya mwisho ya abiria, Boeing 727 iliyoitwa Clipper Goodwill, ikatoka Barbados ikatua Miami. Takriban wafanyakazi 7,500 wakaachwa bila kazi muda mfupi kabla ya Krismasi.

Hapo ndipo stori yetu inaanza.

Baada ya wadai kuchukua walichochukua, kwenye meza ya mahakama kulibaki vitu ambavyo huwezi kuvifunga kwa kamba: jina, na ile nembo ya dunia ya buluu. Mwaka wa 1993 vikapigwa mnada. Aliyeshinda ni Charles Cobb, mfanyabiashara wa Florida aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Iceland. Alilipa dola milioni 1.325.

Fanya hesabu na mimi. Zile 747 za mwaka wa 1966 ziligharimu wastani wa dola milioni 21 kila moja. Njia za Pasifiki zilienda kwa milioni 750. Jina lenyewe, ambalo watu walikuwa wakiliheshimu karibu duniani kote, milioni moja na kitu. Wanunuzi wenye pesa nzito walikuwa wameshapita. Walichukua njia, wakachukua nafasi za kutua, wakachukua kituo. Jina waliliacha mezani, na hawa ni watu wanaoijua biashara ya ndege kuliko mimi na wewe.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu hili nimelifanya mwenyewe. Nilipoacha chuo, mimi na rafiki yangu tulinunua jina la kibanda cha vifaa vya simu hapa tao. Mwenyewe alikuwa anahama. Tulilipa 8,000 tukapewa ubao, namba ya WhatsApp na ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu kadhaa. Tukajiona tumeomoka. Wateja walikuja kweli, tena wengi. Kila mmoja aliuliza: "Yule jamaa wa kubadilisha vioo yuko wapi?" Sisi hatukujua kubadilisha kioo. Tulijua kuuza kava. Miezi mitano, tukafunga. Sijui ni nani ana huo ukurasa siku hizi.

Turudi Florida. Cobb hakuwa mjinga na hakuwa peke yake. Aliungana na Martin Shugrue, aliyekuwa kigogo wa Pan Am yenyewe. Huyu Shugrue ana historia ya ajabu: mwaka wa 1990 mahakama ilimkabidhi Eastern Air Lines, kampuni nyingine kubwa iliyokuwa ikifa, aisimamie. Ikafa mikononi mwake Januari 1991. Sasa mtu huyo huyo anafufua Pan Am. Wakapata wawekezaji, hisa zikauzwa kwa umma, na tarehe 26 Septemba 1996 Pan Am mpya ikaanza kuruka.

Ilikuwa na ndege chache aina ya Airbus A300, aina ambayo hata Pan Am ya zamani iliwahi kurusha. Mpira wa buluu ulirudi mkiani. Ule mtindo wa kuita kila ndege Clipper ulirudi. Na baadhi ya waliorudi kazini walikuwa watu wa zamani, wale wa Desemba 1991. Jaribu kufikiria mhudumu wa ndege aliyelia pale Miami miaka mitano iliyopita, leo amepigiwa simu aje avae sare tena. Wewe ungekataa? Mimi nisingekataa.

Lakini ndege zenyewe zilikuwa zinaenda wapi? New York. Miami. Los Angeles. Safari za ndani ya Marekani, kwa nauli nafuu.

Yaani jina lililobeba watu hadi Nairobi na Tokyo sasa linauza tiketi za bei poa kati ya Miami na New York, kazi ambayo Pan Am halisi haikuwahi kuiweza vizuri hata ilipokuwa hai. Si kwamba Shugrue alisahau njia za nje. Zilikuwa zimeuzwa. Anayetaka kwenda London na jina la Pan Am angekuta mlango una kufuli ya United. Pale JFK, lile jengo la paa la sahani lilikuwa la Delta.

Ukiwa umewahi kuishi njia ya Rongai au Umoja unalielewa hili bila kufafanuliwa. Kuna nganya inavuma, michoro, muziki, dere anajulikana mpaka na watoto wa shule. Siku moja inauzwa. Miezi michache baadaye jina lile lile linatokea kwenye gari jipya, herufi zile zile, taa zile zile. Wiki ya kwanza watu wanapigana kuipanda. Wiki ya tatu unasikia mtu kwenye kiti cha nyuma: "Si ile." Dere ni mwingine, muziki una kelele tu, na makanga anakushusha mbali na steji yako. Na sasa umekasirika kuliko ambavyo ungekasirikia gari lisilo na jina, kwa sababu hilo lingine hukuwa na matarajio nalo.

Kisha kuna suala la wakati. Pan Am mpya ilizaliwa mwaka mbaya. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet, kampuni changa ya nauli nafuu, ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades muda mfupi baada ya kuruka kutoka Miami. Waliokuwemo wote 110 walikufa. Mitambo ya kutengeneza oksijeni ilikuwa imepakiwa kimakosa chini, kwenye mizigo, na ikawaka moto. Wasimamizi wa usafiri wa anga waliisimamisha ValuJet mwezi uliofuata, na abiria wakawa wanaiangalia kila kampuni changa kwa jicho la pembeni. Pan Am mpya, hata na jina la mwaka wa 1927, ilikuwa kampuni changa. Tena ya Miami.

ValuJet ndiyo sehemu ya stori hii iliyonikosesha usingizi. Iliruhusiwa kuruka tena tarehe 30 Septemba 1996, siku nne baada ya Pan Am mpya kuanza. Sasa zipo mbili sokoni. Moja ina jina tamu kuliko yote katika historia ya ndege. Nyingine ina jina ambalo ukilitaja mtu anaona kinamasi. Ungeweka pesa zako wapi?

ValuJet ilifanya hivi: mwaka wa 1997 iliungana na kampuni ndogo ambayo watu wengi hawakuwa wameisikia, AirTran, ikalivua jina lake ikavaa lile la mdogo. Ndege zilikuwepo, kitovu chake Atlanta kilikuwepo, njia zilikuwepo. AirTran ikaruka miaka mingine kumi na saba. Ilinunuliwa na Southwest mwaka wa 2011 na ndege ya mwisho yenye jina hilo ikatua Desemba 2014. Sisemi ni jambo zuri kuficha jina lililoua watu 110, na hilo bado linanisumbua. Nasema tu lilitokea.

Pan Am nayo mwaka huo huo wa 1997 iliungana na mtu, lakini kinyume chake. Ilikuta Carnival Air Lines, kampuni ya ndege ya familia ile ile yenye meli za kitalii za Carnival. Carnival ilikuwa na ndege nyingi zaidi na madeni yake. Badala ya Pan Am ndogo kuingia ndani ya Carnival, Carnival ndiyo iliyopakwa rangi ya Pan Am. Sasa kulikuwa na aina tofauti za ndege, zinazohitaji marubani tofauti, mafundi tofauti na vipuri tofauti. Kampuni kubwa hulitatua hilo kwa pesa. Hii haikuwa nazo.

Mwishoni mwa Februari 1998 ikafilisika na safari za kawaida zikasimama. Miezi kumi na saba tangu siku ya kwanza. Wale walioachwa 1991, wakarudi 1996, wakaachwa tena. Kwangu mimi hao ndio walioumia. Mwekezaji alijua anacheza kamari. Mhudumu aliamini kwa sababu ya lile jina, akaacha alichokuwa amekijenga kwa miaka mitano.

Usifikiri ni wao tu waliofanya hivi. Braniff ya Texas ilikufa Mei 1982, ikarudi 1984, ikafa 1989, ikarudi 1991, ikafa 1992. Eastern, ile iliyofia mikononi mwa Shugrue, jina lake lilirudi 2015 na ndege za kukodi kati ya Miami na Havana, likazimika 2017. Flybe ya Uingereza ilianguka Machi 2020, ikarudi Aprili 2022, ikaanguka Januari 2023, hata mwaka haukuisha. Karibu na sisi, Uganda Airlines ilifungwa 2001 na jina likarudi Agosti 2019, safari ya kwanza ikiwa ya kuja hapa Nairobi. Hiyo bado inaruka, lakini nyuma yake kuna serikali na ndege zilizonunuliwa mpya kiwandani, hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Na Pan Am? Bado.

Mwaka wa 1998 jina lilichukuliwa kutoka kwa marehemu wa pili na kampuni iitwayo Guilford. Hii ilikuwa kampuni ya reli. Ilikuwa na treni za mizigo huko New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kuanzia 1999 ikarusha Boeing 727 za zamani kutoka Portsmouth, mji mdogo wa New Hampshire, kwenda viwanja vya pembeni ambako ada ni ndogo, kama Sanford karibu na Orlando, na Gary karibu na Chicago. Hiyo Pan Am ya tatu ilikufa Novemba 2004. Kampuni dada ikaendelea kulitumia jina kwenye ndege hadi 2008, nayo ikafunga.

Wenye reli, mwaka wa 2006, wakafanya jambo ambalo nilisoma mara mbili kuhakikisha. Wakabadilisha jina la kampuni yao ya treni. Ikaitwa Pan Am Railways. Wakapaka vichwa vya treni buluu, wakaweka mpira wa dunia ubavuni, vikawa vinavuta mbao na karatasi kwenye misitu ya Maine, kilomita chache kwa saa, kwenye reli zilizochakaa. Ziliendelea hivyo hadi Juni 2022, kampuni kubwa ya reli ya CSX ilipoinunua.

Katikati ya hayo, 2011, kulikuwa na tamthilia ya runinga iliyoitwa Pan Am, yenye Margot Robbie kabla hajawa Barbie. Mavazi safi, sare safi. Ilikatwa baada ya msimu mmoja.

Kwa hiyo jibu la swali langu la Toi ni hilo. Kitu pekee ambacho jina la Pan Am limeweza kuuza bila kumwachisha mtu kazi ni mkoba. Ukiununua unapata mkoba, ndicho ulicholipia, na wala hautegemei ukufikishe Tokyo.

Wangu nimeufua. Zipu inashika upande mmoja. Mamangu anautaka wa kwenda nao kanisani, na nimemwambia tutaongea.